Skana ya redio na kompyuta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wasikilizaji wa Nairobi

Ninaishi Lang'ata, chini ya njia ya ndege zinazoingia na kutoka Wilson, na nimepanga skana kwa kompyuta kwa miaka mingi kiasi kwamba marafiki huniletea zao zikiwa tupu nizijaze. Maswali yao hufanana. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayowapa.

Skana ni nini, na kompyuta inaingilia wapi?

Skana ni redio ya kupokea tu. Inapita masafa moja baada ya jingine, inasimama penye sauti, na mazungumzo yakinyamaza inasubiri sekunde moja au mbili kisha inaendelea. Masafa hayo lazima uyaingize wewe.

Chukua mfano wa Uniden BC125AT, ambayo wanaoanza wengi huinunua. Ina chaneli 500, zimegawanywa katika benki 10 zenye chaneli 50 kila moja. Kila chaneli inabeba masafa, jina la hadi herufi 16, mtindo wa sauti (AM au FM), toni (alama ya sauti inayotumwa pamoja na mazungumzo ili redio ifunguke), muda wa kusubiri, na alama ya kurukwa. Ukiamua kuandika jina la herufi 16 kwa vitufe vya nambari, utabonyeza mpaka kidole kichoke, na ukikosea unarudi mwanzo. Kwenye kompyuta ni kama kujaza daftari la duka: safu za majina, safu za namba, unapanga, unahamisha, unatuma kwa kebo. Kazi ya jioni tatu inaisha kwa nusu saa.

Lakini faida kubwa si wepesi huo. Ukitumia kompyuta, orodha yako halisi inakaa kwenye faili, na skana inabaki kuwa nakala tu. Skana ikiibiwa kwenye matatu, hujapoteza kazi yako. Karibu kila jibu hapa chini linarudi kwenye jambo hilo.

Kusikiliza kwa skana ni halali Kenya?

Katiba ya 2010, ibara ya 31, inampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo faragha ya mawasiliano yake. Vyombo vya redio, leseni zake na uidhinishaji wa vifaa viko mikononi mwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo ofisi zake kuu ziko Waiyaki Way. Nenda ukawaulize kuhusu mashine unayotaka kabla hujaagiza kutoka nje. Uliza kwa jina na modeli yake, upewe jibu kwa maandishi, ulihifadhi.

Mimi sigusi mawasiliano ya watu binafsi wala ya vyombo vya usalama, na nilichosikia sikirekodi na kukisambaza kwenye makundi ya simu. Pia sisimami kando ya ua wa uwanja wa ndege na antena mkononi. Askari atakayekuja kukuhoji atakuwa anafanya kazi yake, na utapoteza siku nzima ukieleza kitu ambacho ungekisikia vizuri ukiwa kwenye roshani yako.

Basi nitawasikia polisi?

Hapana. Mwaka 2014 serikali ilitia saini mkataba na Safaricom wa kuwajengea polisi mfumo mpya wa mawasiliano, na skana ya kawaida haina la kufanya na mfumo kama huo. Hakuna programu ya kompyuta itakayobadilisha hilo, na anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakudanganya.

Sasa kuna nini cha kusikiliza Nairobi?

Ndege, kwanza kabisa. Jiji hili lina viwanja viwili vyenye shughuli nyingi vilivyo karibu: Jomo Kenyatta, ambayo kwa msimbo wa kimataifa ni HKJK, na Wilson, HKNW. Jomo Kenyatta ina ndege kubwa za masafa marefu. Wilson ina ndege ndogo za Maasai Mara na Amboseli, wanafunzi wa urubani, na madaktari wa AMREF ambao wamekuwa wakiruka tangu 1957. Mazungumzo yao yako kati ya 118 na 137 MHz, kwa AM.

Halafu kuna redio za ridhaa, yaani za watu wenye leseni wanaowasiliana kwa kujifurahisha, ambazo vitambulisho vyake hapa huanza na 5Z4, katika 144 hadi 146 MHz. Kuna pia Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ambacho wanaanga wake wakizungumza na shule hutumia 145.800 MHz. Kinapopita juu yetu unakisikia kwa dakika kumi hivi ukibahatika. Mara ya kwanza nilipomsikia mwanaanga nikiwa jikoni kwangu, nilizima jiko na kuketi chini.

Nitumie programu gani?

Inategemea mashine, kwa hiyo usipakue chochote kabla ya kujua modeli yako.

Kwa BC125AT, Uniden wenyewe wanatoa programu ya bure. Ni kavu lakini inafanya kazi. Scan125 inatoa zaidi, na ARC125 ya Butel inalipiwa. Skana za kidijitali za Uniden za kizazi cha BCD396XT zina FreeSCAN, ambayo ni ya bure kama jina lake linavyosema. Ukiwa na redio ya mkononi kama Baofeng UV-5R au Quansheng UV-K5, programu yako ni CHIRP: ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na inakubali Windows, Mac na Linux. Ningekuwa nashauri mtu mmoja tu asiye na pesa za kutupa, ningemwambia ajifunze CHIRP vizuri, kwa sababu mazoea yake yatamfaa kwenye programu nyingine yoyote.

Neno moja kuhusu UV-5R: haipokei AM ya ndege. Wengi huinunua wakidhani watasikia Wilson, wakaambulia mkwaruzo. UV-K5 inapokea.

Nimenunua skana ya bei kubwa inayojipanga yenyewe. Mbona iko kimya?

Kwa sababu haijui kwamba uko Nairobi. Mashine kama BCD436HP na SDS100 huja na programu ya Sentinel na hazina ya masafa ndani yake, lakini hazina hiyo ni ya Marekani na Kanada. Inakuuliza namba ya posta ya huko, kisha inafungua masafa ya kaunti za huko. Ukiiwasha Umoja au Kasarani bila kubadilisha kitu, itazunguka masafa ya zimamoto wa Ohio mpaka betri iishe.

Dawa yake ni kuunda orodha yako mwenyewe ndani ya Sentinel, kuingiza masafa ya hapa kwa mkono, na kuzima hazina kuu isiskaniwe. Mashine ni nzuri sana, ila ule wepesi uliolipia pesa nyingi haukuvuka bahari.

Kompyuta haiioni skana. Tatizo ni nini?

Mara nyingi ni kebo. Nimepoteza wikendi nzima hapa, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu.

Kuna aina mbili. Skana kama BC125AT ina tundu la mini USB, na kebo yake ni waya tu. Lakini kebo nyingine za aina hiyo zimetengenezwa kwa ajili ya kuchaji peke yake, hazina nyuzi za data ndani. Skana inaonyesha inachaji, kompyuta haioni kitu. Jaribu kebo uliyowahi kuitumia kuhamisha picha za kamera.

Redio za Baofeng hutumia kebo yenye pini mbili upande mmoja, na ndani ya kichwa cha USB kuna chipu inayotafsiri. Chipu hizo zimeigizwa sana, hasa PL2303, na draiva mpya (programu zinazoiwezesha kompyuta kutumia kifaa) za mtengenezaji halisi huikataa chipu ya kuigiza. Nilinunua moja Luthuli Avenue, kwenye duka lililokuwa na kebo kama hizo ndoo nzima. Windows ikaonyesha alama ya njano kwenye orodha ya vifaa. Nikadhani redio imekufa. Nilirudi, kijana wa duka akaniambia, "Boss, hiyo ni ya kompyuta yako, kebo iko sawa." Haikuwa sawa. Niliponunua yenye chipu ya FTDI kwa bei karibu mara tatu, kila kitu kikafunguka kwa dakika moja, na ndiyo hiyo ninayoitumia mpaka leo.

Kwa hiyo fungua kidhibiti cha vifaa cha Windows, angalia sehemu ya milango ya COM, chomeka kebo na uone namba gani inajitokeza. Namba hiyo ndiyo utakayoichagua kwenye programu. Hakuna namba, hakuna mawasiliano. Kwenye Linux utaona kitu kama ttyUSB0, na huenda ukahitaji kujiongeza kwenye kikundi cha dialout ndipo uruhusiwe kuigusa. Na kwa Baofeng, sukuma plagi mpaka usikie inaingia kabisa. Kava ya redio huizuia isikae, na nusu ya malalamiko ya "redio haijibu" yanaishia hapo.

Nikishaunganisha, nifanye nini kwanza?

Soma kilichomo kwenye mashine, ukihifadhi kwa jina lenye tarehe, usikiguse tena. Hata kama ni mpya na tupu. Kwenye CHIRP faili hiyo ya kwanza ndiyo inayobeba umbo halisi la kumbukumbu ya redio yako. Ukituma faili ya redio ya mwenzako yenye toleo tofauti la programu ya ndani, unaweza kuiharibu mipangilio yake.

Niliwahi kutuma faili ya zamani juu ya mpya kwa sababu zote mbili ziliitwa "skana". Miezi mitatu ya majina niliyoyathibitisha kwa sikio ilifutika kwa sekunde chache. Sasa faili zangu zinaanza na mwaka, mwezi, siku, kwa mpangilio huo, ili zijipange zenyewe.

Masafa ya Nairobi nitayapata wapi?

Si kwenye orodha zinazozunguka mtandaoni. Nyingi zimenakiliwa kutoka kwa nyingine, na aliyeziandika kwanza huenda hajawahi kukanyaga Embakasi.

Kwa ndege, chanzo ni kimoja: kitabu rasmi cha taarifa za usafiri wa anga, AIP, kinachotolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege Kenya. Fungua ukurasa wa HKJK au HKNW, shuka hadi kifungu AD 2.18. Hapo kuna jedwali la huduma, jina la kuitia, masafa na saa za kazi. Masafa ya wanaoongoza ndege zilizo mbali angani yako kwenye sehemu ya ENR 2.1. Ongeza 121.500 MHz, ambayo ni ya dharura duniani kote. Iweke uisikie ikitokea, na usiguse kitufe cha kutuma ukiwa hapo kwa redio yoyote.

Nizipangeje benki zangu?

Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi, na kosa lao ni moja: wanajaza. Mtu akiona chaneli 500 anahisi ni deni. Lakini skana inazunguka, na kila chaneli unayoongeza inachelewesha mzunguko. Rubani wa Wilson akisema neno lake, anasema kwa sekunde mbili au tatu. Kama skana iko chaneli ya 380 ikichungulia kitu kisicho na mtu, hukumsikia.

Mimi napanga kwa swali ninalojiuliza ninapoiwasha. Benki ya 1 ni Wilson peke yake, kwa sababu ndiyo iliyo juu ya paa langu. Benki ya 2 ni Jomo Kenyatta, kwa mfuatano ambao ndege inaupitia: taarifa za hali ya hewa, ardhini, mnara, wanaopokea ndege zinazokaribia. Ya 3 ni masafa ya mbali angani. Ya 4 ni redio za ridhaa, ya 5 ni anga za juu. Za katikati ziko tupu na haziniumi. Benki ya mwisho, ile ya kitufe cha 0, ni ya majaribio: kila masafa niliyoyaokota popote yanaanzia huko, na hayahamii benki nyingine mpaka niyasikie na kuyatambua mwenyewe.

Alama ya kipaumbele, inayoirudisha skana kwenye chaneli hiyo kila mara, nampa mmoja tu katika benki. Mnara wa Wilson, kwangu. Ukiwapa wote, hakuna aliye mbele.

Ukihamisha chaneli kwenye kompyuta, acha nafasi tupu mwishoni mwa kila benki. Siku masafa mapya yatakapotangazwa hutalazimika kusukuma kila kitu.

Majina ya chaneli niyaandike vipi?

Yaanze na mahali, kisha kazi: "HKNW Mnara", "HKJK Ardhini". Ukiyapanga kwa alfabeti yanakaa pamoja. Kwa UV-5R una herufi 7 tu, kwa hiyo "WIL TWR" (TWR ni tower, mnara) inatosha. Usitumie "Ndege 1", "Ndege 2". Baada ya mwezi hutakumbuka.

Naweza kutayarisha orodha kwenye Excel kwanza?

Ndiyo, na ninapenda kufanya hivyo, lakini Excel hujifanya inajua unachotaka. Jina kama "3-4" italigeuza tarehe. Msimbo wa toni ya kidijitali 023 itaukata sifuri ya mbele ubaki 23, na programu nyingine ikaukataa. Kabla ya kubandika chochote, ziteue safu zote uziwekee muundo wa maandishi. Hifadhi kama CSV, yaani faili ya maandishi yaliyotenganishwa kwa koma, kisha ifungue kwa kihariri cha kawaida cha maandishi uangalie kwa macho kama vitenganishi ni koma na nukta za desimali zimebaki nukta.

Mpangilio mzuri zaidi wa safu ni ule wa programu yako yenyewe. Toa CSV kutoka kwenye programu kwanza, ujaze hiyo hiyo. Mimi huongeza faili ya pili pembeni, yenye safu mbili ambazo skana haizihitaji: nilipoyapata masafa, na tarehe niliyoyasikia mara ya mwisho.

Nimeweka masafa sahihi ya mnara lakini nasikia muziki. Kwa nini?

Pole, hilo ni tatizo la Nairobi hasa. Redio za FM ziko 88 hadi 108 MHz, na bendi ya ndege inaanza pale pale zinapoishia, ingawa sauti zao ziko juu kidogo, kuanzia 118. Vituo vyetu ni vingi na vina nguvu, minara yake iko kwenye vilima vya Ngong na upande wa Limuru, ikitutazama. Skana ndogo ikizidiwa na ishara mbili kubwa inazichanganya ndani yake na kuzaa ya tatu ambayo haipo hewani. Piga hesabu: kituo cha 107.5 mara mbili ni 215, toa kituo cha 95.0, unabaki na 120.0, ndani kabisa ya masafa ya ndege.

Programu haiwezi kuliponya hilo. Kinachosaidia ni kichujio cha kuzuia FM kati ya antena na skana. Kama huna, punguza antena kwanza: ndefu juu ya paa inakusanya matatizo mengi kuliko ile fupi iliyokuja na mashine. Ukiwa na kichujio, ndipo antena ya waya wima wa sentimita 56 hivi, ambao ni robo ya urefu wa wimbi la ndege, itakufaa.

Hakikisha pia chaneli imewekwa AM. Ikiwa FM, sauti inakuja imefifia na kukwaruza, na mtu anadhani ni antena.

Nitajuaje chaneli ni ya nani kweli?

Sikiliza maneno, si jina uliloliandika. Nilikuwa na chaneli niliyoiita mnara wa Wilson kwa karibu mwaka mzima. Jirani yangu, mzee aliyestaafu kazi ya ufundi wa ndege, alikuja kunywa chai akaisikiliza dakika tano, akasema, "Mwanangu, huyo si mnara. Umesikia akimruhusu mtu kuruka?" Sikuwa nimesikia. Niliyekuwa namsikia anawaelekeza marubani wapite wapi ardhini na wasubiri wapi. Mnara ndio unaotoa ruhusa ya kuruka na kutua. Wanaopokea ndege zinazokaribia wanazungumzia urefu na mwelekeo.

Namba ya njia ya kurukia na kutua nayo inakuambia uko wapi. Jomo Kenyatta ina njia moja, 06 upande huu na 24 upande ule. Wilson ina mbili, 07/25 na 14/32. Ukisikia 14, hapo ni Wilson. Ukiwa na kifaa cha USB cha RTL-SDR, yaani redio ndogo ya kupokea inayoendeshwa na kompyuta, unaweza pia kupokea ishara za 1090 MHz ambazo ndege hujitangazia mahali zilipo, uzione kwenye ramani ya kompyuta huku ukisikia sauti kwenye skana. Ndege iliyosajiliwa 5Y ikijitaja redioni na kitone chake kikageuka kwenye ramani, umethibitisha.

Kwa nini nisitumie hiyo RTL-SDR peke yake?

Unaweza. Ni bei ndogo, inapokea kuanzia karibu 24 hadi 1766 MHz, na inakuonyesha ishara kama michirizi kwenye skrini, jambo ambalo skana haifanyi. Kwa kutafuta masafa yanayotumika haina mpinzani. Lakini inahitaji kompyuta iwe wazi muda wote, na kwenye kuruka chaneli haraka skana inaishinda. Mimi natafuta kwa SDR, nasikiliza kwa skana.

Baofeng yangu inaweza kutuma. Nitajizuiaje nisibonyeze kwa bahati mbaya?

Kwenye CHIRP, kila chaneli ya kusikiliza tu, weka safu ya Duplex iwe "off". Redio itakataa kutuma kwenye chaneli hiyo. Kumbuka kinga hiyo ni ya chaneli zilizohifadhiwa, si ya masafa unayoyaandika kwa vitufe, kwa hiyo ibaki kwenye hali ya chaneli, na mtoto asiichezee. Kutuma bila leseni ni kosa.

Stima ikipotea katikati ya kutuma faili?

Tumia laptopu yenye chaji na betri mpya kwenye redio. Ikikatika, washa upya, tuma faili ile ile tangu mwanzo.

Saa kwenye kumbukumbu zangu hazilingani na za marubani.

Marubani na waongoza ndege wanatumia saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Kompyuta inaandika 09:00, rubani anasema 0600, na wewe kichwani unajua ni saa tatu asubuhi. Chagua moja kwa ajili ya faili. Mimi nimechagua ya kimataifa, kwa sababu ratiba na matangazo yote ya anga yameandikwa hivyo, na nimezoea kutoa tatu ili nipate saa ya Kiswahili.

Nisasishe orodha mara ngapi?

AIP hurekebishwa kwa mizunguko ya siku 28, ingawa si kila mzunguko unagusa masafa. Mimi naifungua kila baada ya miezi mitatu, nalinganisha na safu yangu ya tarehe ya mwisho kusikia. Chaneli iliyonyamaza muda wote huo inarudi benki ya 0, naisikiliza peke yake Jumamosi moja asubuhi, wakati Wilson ina shughuli. Ikiendelea kunyamaza naiondoa kwenye skana, lakini kwenye faili ya pembeni inabaki na tarehe yake, kwa sababu mara mbili sasa nimeona masafa yaliyoachwa yakirudi kutumika kwa kazi nyingine.